Mnara wa simu na mayai yasiyototoa: kijiji kiruhusu wa pili?

MfugajiUsaRiver: Wakuu, Jumamosi tuna mkutano wa kijiji. Kuna kampuni inataka kusimamisha mnara wa pili, mita kama 60 kutoka banda langu. Tangu wa kwanza uwashwe kutotoa kumeshuka. Trei 4, mayai 120, zilikuwa zinanipa vifaranga 95, hata 100. Safari hii 58. Jogoo walewale, matetea walewale, mashine ileile. Mionzi inaharibu uzazi wa mifugo au la? Nipeni hoja.

Fundi_Masafa: La. Nimepanda minara miaka 11 na nina watoto wanne. Mawimbi ya simu si eksirei. Yakizidi sana yanapasha joto, na mita 60 hapo chini hakuna joto la kumsumbua hata siafu. Antena inatazama mbali, haitazami paa lako. Na msiniletee ile ya WHO ya 2011. Shirika lao la saratani liliyaweka mawimbi kundi 2B, yaani "huenda yanasababisha saratani". Kundi hilohilo lina dondoo la jani zima la shubiri, hiyo mnayowanywesha kuku kila mafua yakiingia.

MamaTetea: Ngoja kwanza. Shubiri imeingiaje hapa? Miaka kumi naiweka kwenye maji ya kuku wangu, kideri kimepita kwa majirani wote kwangu hakikugusa. Leo fundi wa nyaya ananiambia nawapa sumu?

Fundi_Masafa: Sijasema sumu. Nimesema kundi moja.

MamaTetea: Kundi moja na mnara! Afadhali ungenitukana.

Mwanafunzi_Mifugo: Mleta mada, yale 62 uliyavunja? Lisilo na mbegu ukilivunja unakuta kiini kizima, hakuna damu. Viza unakuta damu, au kifaranga aliyefia ndani. La kwanza muulize jogoo, la pili iulize mashine na umeme unaokatika. Hata kuyamulika siku ya saba kwa tochi ya simu kungekuonyesha.

MamaTetea: Mdogo wangu, subiri, tunaongea na fundi. Kideri kilinipita kwa sababu gani kama si shubiri?

Mwanafunzi_Mifugo: Uliwachanja, mama?

MamaTetea: Niliwachanja, ndiyo. Na shubiri.

Babu_Meru: Vijana mnadharau. Ujerumani, kule Bavaria, 1998 iliandikwa habari ya zizi lililokuwa jirani na mnara. Maziwa yalipungua, ng'ombe wakawa na tabia za ajabu. Wakamhamisha mmoja mbali, akatulia. Wakamrudisha, akaanza tena. Huyo ng'ombe naye alikuwa anasoma mitandao?

Fundi_Masafa: Zizi moja, ng'ombe mmoja, babu. Kwa hesabu hiyo hata mganga wa kwetu ni profesa.

Babu_Meru: Mimi nakuita kijana, wewe unaniletea mganga. Sawa.

Kitabu_Wazi: Ya kuku ipo. Mhispania Delgado, 1982, aliweka mayai kwenye uga dhaifu wa sumaku, yaani eneo ambalo nguvu ya sumaku inafika, vijusi vikatoka na kasoro. Baadaye maabara 6 zikarudia kwa vifaa vilevile. Mbili ziliona tofauti ya wazi, nyingine hazikuona ya kutegemewa, lakini ukizijumlisha zote tofauti inabaki.

Fundi_Masafa: Ule ni uga wa sumaku wa mapigo ya polepole. Mnara wa simu ni kitu kingine kabisa.

Kitabu_Wazi: Kwa hiyo huna utafiti wa kuku na mnara, na mleta mada hana. Mbona wewe ndiye unayepiga kelele?

Pilipili_Kichaa: Naomba kuuliza, mnara wa kwanza uko shamba la nani?

MfugajiUsaRiver: La jirani. Kwani?

Pilipili_Kichaa: Analipwa kodi kila mwezi?

MfugajiUsaRiver: Hilo linahusiana nini na mayai?

Pilipili_Kichaa: Mimi nimeuliza tu. Ungejengwa kwako mionzi ingekuwa mitamu.

MfugajiUsaRiver: Unanijua? Umewahi kufika kwangu? Nimeleta hesabu ya vifaranga, wewe unaleta hesabu ya mfuko wa jirani!

Babu_Meru: Swali lake lina maana, lakini. Huo wa pili ukiwekwa ardhi ya kijiji, kodi inaingia wapi? Kwetu ilijenga choo cha shule, kisha hatukusikia tena.

Kitabu_Wazi: Hiyo ndiyo ya kupeleka Jumamosi. Mkataba usomwe mbele ya wananchi. Na Tume ya Nguvu za Atomu wako hapo Njiro, Arusha, waombeni waje na vipimo vyao.

MfugajiUsaRiver: Nimerudi. Mayai nilikuwa sijayatupa, nimeyavunja yote 62 nyuma ya banda, mke wangu kaziba pua. Yenye damu au kifaranga 13. Hayo 49 hayana kitu, viini vizima.

Mwanafunzi_Mifugo: Jogoo wako wana umri gani, kaka? Na wako wangapi kwa matetea mangapi?

MfugajiUsaRiver: Wawili. Matetea 40. Mwaka wa nne huu, ni walewale niliosema.

Mwanafunzi_Mifugo: Jogoo mmoja kwa matetea 10, kaka. Tena kijana.

MfugajiUsaRiver: Mnara bado siutaki.

MamaTetea: Nina majogoo sita, miezi minane, kuchi. Wamekulia shubiri.

Fundi_Masafa: Bei?