Mrejesho: mangostini sasa najua kuzichagua

Wiki mbili zilizopita niliwauliza mbona mangostini (yale matunda ya ganda la zambarau na nyama nyeupe) ninazonunua hapa Bangkok ni ngumu kama mawe na ndani zimegeuka njano. Asanteni sana mlionijibu. Kumbe ganda likishakuwa gumu, tunda limekaa siku nyingi. Sasa nabonyeza kwanza. Likibonyea kidogo na kikonyo kikiwa bado kibichi, nalichukua. Kisha naligeuza nihesabu petali za ile alama ya chini inayofanana na ua dogo: zikiwa sita, ndani kuna vipande sita. Nimehakikisha mwenyewe! Za jana, kutoka Chanthaburi, mkoa wa mashariki mwa Thailand, zilikuwa tamu mno. Shokishoki nazo zimejaa sokoni, zikanikumbusha Unguja hadi machozi yakanilenga. Muuzaji anasema mangostini za mashariki zikiisha, za kusini zitafuata.