Matokeo ya kidato cha pili: gumzo la Majirani Mikoroshini

18:52 Baba Kelvin: Jamani, matokeo ya darasa la nne na kidato cha pili yametoka. Baraza la Mitihani limeshayaweka kwenye tovuti. Inafunguka kwa shida, vumilieni.

18:54 Mama Chausiku: Eh Mungu wangu. Kelvin kapata ngapi?

18:55 Baba Kelvin: La nne kapata wastani wa C. Tunashukuru. Hisabati ndiyo imemtupa, ana D.

18:57 Kaka Deo: Ujumbe huu umefutwa

18:59 Mwl. Rehema: Asante Deo kwa kufuta haraka. Naomba na wengine tusirushe ukurasa wa shule nzima humu. Watoto wanashika simu za mama zao. Atakayekuta jina lake linajadiliwa na mtaa mzima hatatoka ndani wiki hii.

19:00 Kaka Deo: Sawa mwalimu.

19:06 Mama Zuhura: Majirani, wangu wa kidato cha pili nimemwona. Mwenyewe nawaambia maana nahitaji msaada. Divisheni foo, pointi 31. Kiswahili B, Uraia D, yaliyobaki yote F. Mtoto huyu darasa la saba Sayansi alipata A, nyote mnakumbuka tulivyofurahi. Yuko chumbani tangu saa kumi, chakula hataki.

19:08 Mzee Mwinyi: Pole sana mwanangu. Kwanza ale. Hayo mengine yanazungumzika mtu akiwa ameshiba.

19:08 Mama Chausiku: Pole shoga yangu 😢

19:12 Baba Zuhura: Shikamoo Mzee. Niko njiani narudi. Mimi sielewi. Sare anayo, madaftari anayo, tuisheni nalipa kila wiki. Natoka nyumbani alfajiri narudi usiku kwa ajili yao. Kama shule imemshinda aende Tanga kwa shangazi yake akajifunze cherehani. Simu nayo leo naichukua.

19:13 Mzee Mwinyi: Marahaba. Baba Zuhura, ukifika pitia kwangu kwanza kabla ya kuingia kwako.

19:17 Mwl. Rehema: Baba Zuhura, pole na kazi. Nakuomba leo usimfokee wala usimguse. Mtoto ameshajiadhibu mwenyewe tangu saa kumi.
Pili, tuyasome matokeo vizuri. Zinahesabiwa alama za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. B ni pointi 2, D ni 4, kila F ni 5. Kwa hiyo 2 na 4 na F tano, jumla 31. Hajapata sifuri, anaendelea kidato cha tatu. Mtihani unaoamua ni wa kidato cha nne, bado ana miaka miwili.
Sasa angalia hii. Akibaki na B yake ya Kiswahili, akapata C mbili na D nne, ni pointi 24. Hiyo ni divisheni tatu, na zile C tatu ambazo kidato cha tano kinazidai zimetimia, maana B nayo inahesabiwa humo. D inaanzia alama 30 kwa mia. Sisemi ni rahisi, nasema haiko mbali kama unavyodhani.

19:20 Baba Zuhura: Mwalimu nakuheshimu. Lakini F zote hizo, huyu anasoma kweli?

19:26 Mwl. Rehema: Anasoma. Nieleze ninachokiona darasani kila mwaka.
Mpaka darasa la saba mtoto kasoma kila somo kwa Kiswahili, isipokuwa Kiingereza chenyewe. Januari anaingia kidato cha kwanza, kila somo Kiingereza isipokuwa Kiswahili. Wanapewa wiki chache za kozi ya kuwaandaa, kisha mada zinaanza. Na darasa limejaa, mwalimu hawezi kumfikia kila mmoja. Asiyeelewa anafanya nini? Ananakili ubaoni. Daftari linajaa, mwandiko mzuri, vichwa vya habari vimepigiwa mstari. Mzazi akilifungua anaridhika. Mwambie akueleze alichoandika, hana cha kusema, kwa sababu alichora tu maneno.
Akikaribia mtihani anakariri. Swali likija kama lilivyo kwenye daftari anapata. Likigeuzwa kidogo, amekwama.
Zuhura ana B ya Kiswahili, yaani alama 65 kwenda juu. Mtoto asiye na akili haipati hiyo, na mvivu pia haipati.

19:28 Mama Zuhura: Mwalimu umenitoa machozi.

19:30 Mwl. Rehema: Usilie, fanya kitu kimoja sasa hivi. Mpelekee uji. Usitaje matokeo kabisa. Mwambie akueleze, kwa Kiswahili, jani linajitengenezeaje chakula. Kaa usikilize mpaka amalize. Kisha urudi hapa uniambie.

19:31 Mama Zuhura: Naenda.

19:33 Bibi Asha: Maji yametoka, kingeni jamani. Yanaweza kukatika wakati wowote.

19:36 Mama Chausiku: Mwalimu na mimi nauliza. Niliishia la nne. Chausiku yuko la sita na mwanangu mkubwa anaingia kidato cha kwanza wiki ijayo. Kiingereza sikijui, hesabu zao sizijui. Mzazi kama mimi ninamsaidia nini mtoto? Mara nyingine naona haya hata kushika daftari lake.

19:43 Mwl. Rehema: Mama Chausiku, swali lako ndilo kubwa kuliko yote humu. Unayemwona hana cha kutoa ndiye mara nyingi anasaidia vizuri, kwa sababu hatamharakisha mtoto kwa kumpa jibu.
Kila jioni, wakati unaandaa maharage yako ya kesho, mwite akae hapo na daftari moja. Mwambie, nifundishe ulichosoma leo. Kwa Kiswahili. Muulize kwa nini, muulize mfano wake ni upi. Wewe utajua tu kama anachosema kina kichwa na miguu.
Akishindwa kukueleza kwa Kiswahili, basi mada yenyewe hajaielewa. Huyo anatakiwa arudi kwa mwalimu au kwa mwenzake aliyeelewa. Akikueleza vizuri kwa Kiswahili lakini akashindwa kuandika kwa Kiingereza, basi mada anaijua, lugha ndiyo inamzuia. Hayo ni matatizo mawili na kila moja lina dawa yake. Wazazi wengi tunalipia tuisheni bila kujua mtoto ana lipi, na tuisheni yenyewe mara nyingi ni kunakili tena.

19:45 Mama Chausiku: Hilo naliweza.

19:47 Dada Pendo: Naongeza kidogo. Miaka ile nilijitolea na mradi wa Uwezo, tukizunguka nyumba kwa nyumba kuwapima watoto kusoma na kuhesabu. Tulikuwa na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Wapo wa darasa la tatu, hata wa madarasa ya juu zaidi, walioshindwa kuisoma, na mama yupo pembeni anashangaa maana ripoti ya shule inasema mtoto kashika nafasi ya kumi na ngapi. Nafasi haikuambii kama anajua kusoma. Mpe gazeti asome aya moja kwa sauti. Dakika tano utajua.

19:49 Baba Kelvin: Hii naifanya leo leo. Kelvin anajua kusoma lakini kwa sauti sijawahi kumsikiliza.

19:58 Mama Zuhura: Mwalimu!!

20:01 Mama Zuhura: Kaeleza yote. Kasema mizizi inanyonya maji, jani linavuta kabonidayoksaidi kutoka hewani, ile klorofili ya kijani inanasa mwanga wa jua, basi inapatikana sukari ya mmea na oksijeni inatoka nje. Akatoka mpaka uani akachuma jani la mpapai kunionyesha. Nikamwambia hebu niandikie hayo kwa Kiingereza. Kaandika mstari mmoja, akaweka kalamu, akaanza kulia upya.

20:03 Mwl. Rehema: Sasa unajua ugonjwa wake ni upi. Baba Zuhura soma huo ujumbe wa mkeo.

20:05 Baba Zuhura: Nimeusoma. Niko kwa Mzee hapa. Lakini Hisabati je? Namba hazina Kiingereza. Nayo ni F.

20:11 Mwl. Rehema: Ni kweli baba, Hisabati ni habari nyingine. Mada za pale zimepandana. Mtoto asiyeelewa sehemu na namba hasi hawezi aljebra, na asiyeiweza aljebra nusu ya pepa imempita. Mara nyingi shimo lipo darasa la tano, si kidato cha pili. Ndiyo maana ukimlipia tuisheni ya mada za kidato cha tatu hela inapotea. Tafuteni kitabu cha Hisabati cha darasa la tano, afanye maswali ya sehemu kuanzia ukurasa wa kwanza. Anapokosea ndipo anapoanzia. Hakuna aibu, na si lazima mtu ajue nje ya nyumba yenu. Baba Kelvin, wewe D ya Kelvin ishughulikie sasa akiwa darasa la tano, usisubiri.

20:12 Baba Kelvin: Nimekusikia mwalimu.

20:14 Kaka Deo: Vitabu vya kiada vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, unasoma bure kwa simu. Baba Zuhura, usimnyang'anye simu moja kwa moja, nitakuja kuwawekea.

20:16 Mwl. Rehema: Deo umesema vema. Simu ikae mezani sebuleni, isiingie chumbani usiku. Na humo humo mtandaoni kuna kitu wazazi wengi hawajawahi kukifungua. Baraza la Mitihani linachapisha uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo. Linaonyesha jibu la mtoto aliyepata na la aliyekosa, kwa mwandiko wao wenyewe, na kueleza kwa nini. Sababu zinazojirudia humo ni mtahiniwa kutoelewa swali linadai nini, Kiingereza dhaifu, na kutoijua mada. Swali likisema "differentiate", yaani tofautisha, mtoto anaeleza kitu kimoja, cha pili anakiacha. Likisema "outline", yaani taja kwa ufupi, anaandika ukurasa mzima, muda unamwishia. Nina orodha ya maneno hayo ya maswali, nitaitoa kopi kwa kila nyumba yenye mtoto wa sekondari.
Kwa Zuhura: kila jioni achague jambo moja alilokufundisha mama, aliandike kwa sentensi tano za Kiingereza chake mwenyewe, bila kutazama daftari. Makosa yawepo. Jumamosi asubuhi aje barazani kwangu nimsahihishie. Wenzake waje pia, silipishi.

20:18 Mama Chausiku: Mungu akubariki mwalimu. Uji wa Jumamosi unatoka kwangu.

20:22 Mzee Mwinyi: Wanangu, mimi nina neno ambalo halihusu Kiingereza. Mabinti wa mtaa huu nawaona kisimani na ndoo saa nne usiku. Nawaona alfajiri wanakaanga vitumbua kabla ya shule, kisha wanasimama kituoni daladala mbili tatu zinawaacha kwa sababu konda hataki nauli ya mwanafunzi. Anafika darasani saa ngapi, na kichwa gani? Kaka zao wakati huo wako kwenye mpira. Kazi za nyumbani zigawanywe. Mtoto wa kiume naye ndoo anaiweza.

20:23 Dada Pendo: Asante sana Mzee. Na zile siku za mwezi, wengi hawaendi kabisa shule kwa kukosa taulo. Siku mbili tatu kila mwezi, mada zinaenda, anarudi hajui wamefika wapi. Akina mama tusiwaachie walimu hilo.

20:25 Mama Zuhura: Kweli tupu.

20:31 Baba Zuhura: Nimetoka kwa Mzee, nimefika nyumbani. Mtoto ameniamkia, nimeitikia, nimemwambia Tanga haendi. Kanifundisha na mimi hilo jani. Mwalimu, shule zinafunguliwa Jumatatu, siku hiyo nakwenda mwenyewe. Sijui hata nikifika nimwulize nini mwalimu wake. Ukiniandikia nitashukuru.

20:38 Mwl. Rehema: Safi sana baba. Tangu ada ifutwe 2016, kuna wazazi wanaoamini shule imeshamaliza kila kitu. Mwalimu akimwona mzazi mlangoni, mtoto huyo anaanza kumwangalia kwa jicho lingine. Nenda na unyenyekevu, usiende kushtaki.
Muulize mwalimu wa darasa: amehudhuria siku ngapi mwaka jana? Daftari la mahudhurio litakuonyesha, usishangae likikuambia jambo ambalo hukulijua. Anakaa dawati la mbele au la nyuma, na ubao anauona? Wapo wanaofeli kwa macho tu, hospitali wanapima. Anauliza maswali darasani au yuko kimya? Kuna anayemcheka akikosea Kiingereza?
Kisha pita kwa mwalimu wa taaluma, umwombe uone karatasi zake za majaribio, si alama peke yake. Angalia aliacha maswali matupu au alijaribu. Omba na namba za simu za walimu wa Hisabati na Kiingereza.

20:40 Baba Zuhura: Nimenakili kwenye karatasi. La kuchekwa hilo nitamwuliza Zuhura mwenyewe kwanza.

20:41 Mwl. Rehema: Vizuri. Muulize mkiwa wawili.

20:44 Mama Chausiku: Mwalimu, hilo la macho. Chausiku anasogeza kitabu karibu sana na uso. Nilidhani ni mazoea.

20:45 Mwl. Rehema: Kesho asubuhi mpeleke akapimwe kabla shule hazijafunguliwa. Dada Pendo, upo zamu hospitali?

20:46 Dada Pendo: Nipo. Mama Chausiku njoo naye saa mbili, nitawapokea getini.