Nimepata CE, daraja la leseni la kuendesha treila; kazi ya treila yenye hela naianzia wapi?

Miaka minne nimeendesha Canter ya mchanga, Machakos hadi Kayole. Nalipwa kwa tripu. Mvua ikinyesha, nalala njaa. Sasa leseni yangu ina CE. Wiki jana wakala mmoja Industrial Area alikula elfu tano zangu "za fomu", na simu yake haipatikani. Nifanyeje?

*Mzee wa Malaba:* Pole, kijana. Anayekuomba hela ndipo akupe kazi, hana kazi. Amka alfajiri uende Mlolongo, treila zinapolala, unywe chai na madereva. Mimi nilipata gari hivyo: dereva aliugua, tajiri akauliza nani yupo karibu. Niliambiwa nirudi kinyumenyume na kontena la futi 40 katikati ya malori mawili. Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi! Kwa hiyo jifunze kurudi nyuma kwanza, barua ya maombi baadaye.

*Mama Treila:* Ongeza pasipoti na cheti cha homa ya manjano. Wanaovuka kwenda Uganda na Sudan Kusini kwa kawaida hulipwa zaidi ya wanaoishia Mombasa. Lakini uliza posho ya safari inalipwa lini, na mzigo ukizidi pale mizani faini ni ya nani. Mimi niliwahi kukatwa mshahara kwa mzigo ambao sikuupakia.

*Mwenye swali:* Asanteni. Kesho saa kumi alfajiri niko Mlolongo. Mzee, chai ni juu yangu.