Mrejesho: Mbarara imeungana na Kampala, Gulu bado kidogo

Wakuu, shikamooni. Mwezi uliopita niliomba msaada wa kuunganisha ofisi zetu tatu ili zote zitumie mfumo wa stoo ulio kwenye seva ya Kampala, bila kuiacha seva wazi kwenye intaneti.

Nilifuata ushauri wa kutumia WireGuard, programu ya kuunganisha mitandao kwa njia iliyofungwa kwa siri (VPN) juu ya intaneti. Kampala tumelipia anwani ya IP isiyobadilika. Ruta za Mbarara na Gulu ndizo zinazoipigia, kupitia mlango (port) wa UDP 51820. Siku ya kwanza muunganisho ulikubali lakini Mbarara hawakuiona seva kabisa. Aliyeniambia nianze na anwani za ndani alipatia: ofisi zote tatu zilikuwa na anwani zilezile, 192.168.1.0/24, kwa hiyo ruta ya Mbarara ilidhani seva iko humohumo ofisini! Nikaipa Mbarara 192.168.20.0/24 na Gulu 192.168.30.0/24, nikarekebisha orodha ya anwani zinazoruhusiwa pande zote. Dada wa stoo Mbarara akafungua ankara nikiwa naye kwenye simu, akanisomea namba yake. Nilifurahi mno. Usiku huohuo niliufunga mlango wa seva uliokuwa wazi nje.

Gulu wanatumia laini ya simu, na muunganisho ulikuwa unalala wakikaa kimya. Keepalive (ujumbe mdogo wa kuuweka muunganisho hai) ya kila sekunde 25 upande wao imetibu hilo. Kilichonishinda ni umeme: ukikatika Gulu, ruta inazima na wanarudi kwenye daftari. Betri ya ruta bado haijanunuliwa.

Asanteni sana, hasa mliokesha nami kwenye zile anwani.