Eti "kwani hilo boksi linataka kitanda?" Leo nimevuliwa nguo mbele ya watu kwa sababu ya chumba cha raki

Waya_Mwekundu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naandika mikono inatetemeka, ndiyo kwanza natoka saiti, hata begi la vifaa sijalishusha mgongoni. Makosa ya uandishi mtanisamehe, na asiyetaka kusamehe apite.

Mnamjua. Kila jengo linaye. Yule msimamizi wa rundo la funguo kiunoni, ambaye tangu azaliwe hajawahi kusema "bado". Kwake kila kitu ni "tayari, nyie njooni tu". Sitamtaja, mnamjua.

Orodha ya mahitaji ya chumba cha raki, lile kabati la chuma la kufungia vifaa vya mtandao, nilimpelekea mapema, na niliiandika kwa lugha ambayo hata mtoto angeielewa. Chumba kifungwe, kiwe kikavu. Rangi iwe imekauka, mafundi wa jipsamu wawe wameondoka na vumbi lao. Soketi ziwe na laini yake yenyewe kutoka kwenye bodi ya umeme, waya wa ethi (ule wa ardhini) uwe umefika, kiyoyozi kifanye kazi mchana na usiku, na mbele na nyuma ya raki pabaki nafasi ya mtu mzima kuinama. Akajibu neno moja: "Tayari."

Nafika na timu, raki ya U 42 (U ni kipimo cha kimo cha raki) ipo kwenye gari, swichi za mtandao, zile za kugawa laini kwa kompyuta na kamera, kwenye maboksi. Anafungua mlango kwa mbwembwe. CHUMBA CHA WAFAGIZI! Sinki la kusuuzia matambara liko ukutani na linadondosha. Bomba la maji limepita darini, sawasawa na pale raki inapotakiwa kusimama. Kiyoyozi ni feni ya mezani isiyo na plagi. Soketi ipo moja, na imeshachomekewa mashine ya kung'arisha sakafu. Mlangoni kuna fundi anakata vigae kwa grainda, vumbi limejaa hadi nikawa naongea na timu yangu kwa kukisia nani yuko wapi.

Nikamuuliza kwa adabu zote: mkubwa, hapa kifaa kitapumuaje? Ndipo, mbele ya vijana wangu, mbele ya mteja, mbele ya yule wa vigae ambaye alizima grainda ili asikie vizuri, akasema:

"Kwani hilo boksi linataka kitanda?"

KITANDA, wakuu. Watu wakacheka. Mteja naye akacheka. Mteja, ambaye boksi ni la kwake!

Halitaki kitanda, mzee. Linataka hewa. Feni zake zinavuta chochote kilicho mbele yake, na vumbi la saruji likilala juu ya bodi za ndani yake kisha likapata unyevunyevu, umeme unajitafutia njia usizozipanga wewe. ASHRAE, wale wahandisi wa Marekani wa mambo ya joto na viyoyozi, wanapendekeza hewa inayoingia kwenye kifaa iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Sikuyaota mimi. Umeme unaoingia kwenye swichi karibu wote unabaki humo chumbani ukiwa joto, ukiacha ule wa PoE, yaani umeme unaosafiri ndani ya nyaya za data kwenda kwa kamera na simu. Sasa chumba hakina dirisha, hakina kiyoyozi, hilo joto liende wapi? Likalale kitandani?

Nikamwonyesha bomba. Akasema hilo bomba halijawahi kuvuja tangu jengo lisimame. Naapa, wakati bado anaongea, tone likamtua begani. Akalipangusa, akaendelea kuongea.

Kitanda!

Sinki_na_Bomba

Nimejiunga leo leo kwa ajili ya uzi huu. Picha ziko wapi mkuu? Bila picha hii ni hadithi tu.

Bibi_Faiba

Pole mwanangu. Ila hapo kwenye tone la begani nimecheka hadi wajukuu wamekuja kuniangalia.

KizibaPasi

Mimi naona jamaa kauliza swali la msingi na hadi sasa hajajibiwa. Linataka au halitaki?

Waya_Mwekundu

Wewe ndiye yeye, umekuja na jina lingine. Nimekujua.

fundi_kimya

Mkuu, pole, lakini ulipokwenda kukagua saiti uliona nini? Mtu hapeleki raki ya U 42 mahali asipopajua.

Waya_Mwekundu

NILIKAGUA! Chumba nilichoonyeshwa ni kingine kabisa, kikavu, kina mlango wa chuma, nikakipima na kukichora. Halafu chumba kile kikapewa mhasibu kwa sababu kina mwanga mzuri. Hakuna aliyeniambia. Mhasibu amepata dirisha, swichi imepata sinki, mimi nimepata kitanda.

KizibaPasi

Angalau wewe umepata pa kulala 😂

Mita_Tisini

Tuache utani kidogo. Kikibadilishwa chumba, na umbali unabadilika. Waya wa shaba mwisho wake ni mita 100 kutoka swichi hadi kifaa, na kwenye mpango wa kawaida 90 ni za ukutani, 10 zinazobaki ni za pachi kodi, zile nyaya fupi za kuunganishia, za pande zote mbili. Umepima upya kutoka kwenye sinki hadi dawati la mbali? Usije ukamaliza vita ya bomba ukaanza ya mita.

Waya_Mwekundu

Kaka, nimetukanwa mbele ya mtu wa vigae, wewe unaniuliza mita?

Mita_Tisini

Ndiyo.

Betri_Imevimba

Nyie mnalalamikia matone. Mimi UPS yangu (mashine ya betri ya kushikilia umeme ukikatika) waliisukumia kwenye kijichumba kilicho chini ya paa la bati, eti "haina kelele kule". Betri za risasi zinapenda nyuzi 25 hivi, na kila joto likizidi nyuzi 10 umri wake unapungua karibu nusu. Kule juu mchana hata mjusi hapiti. Nilipofungua kifuniko betri zimevimba hadi hazitoki, ikabidi tufungue UPS nzima. Na nikaulizwa mimi kwa nini nimenunua betri mbovu!

Bibi_Faiba

Hiyo ya paa la bati imezidi ya sinki. Samahani mwanzisha uzi.

Waya_Mwekundu

Imezidi wapi? Wewe uliambiwa kitanda?

DakitiMoja

Subirini niwape yangu. Fundi wa umeme na sisi wa mtandao tulipewa trankingi moja, ule mfereji wa kupitishia nyaya. Nikasema jamani, nyaya za umeme mkubwa zisilale pamoja na za data, mtapata kelele kwenye laini, tena ni hatari mtu akikosea kukata. Akanijibu zote ni nyaya, zitazoeana. ZITAZOEANA! Mpaka leo kamera za upande ule zikitaka zinaonyesha, zisipotaka hazionyeshi.

fundi_kimya

Zitazoeana 😂😂 hii naichukua.

Zulia_Jekundu

Kwetu walitandika zulia kwenye chumba cha seva ili kipendeze wageni wakija. Hewa kavu, zulia, na mtu anaburuza viatu kisha anashika bodi kwa mkono mtupu. Nikaomba mkanda wa mkononi wa kutolea umeme tuli, nikaulizwa kama nina matatizo ya mifupa.

MlangoMfupi

Hamjafika kwangu. Raki ya U 42 ni karibu mita 2 ikisimama, si ndiyo? Mlango wa chumba ukawa mfupi kuliko raki. Hakuna aliyepima, kila mtu aliamini mwenzake kapima. Tukailaza kuipitisha. Imeingia, tukataka kuisimamisha, kumbe kona hadi kona ni ndefu kuliko kimo chake, ikagonga dari katikati ya safari. Haisimami, hailali. Tumekaa nayo imeegemea ukuta, mkandarasi anapita anatusalimia.

KizibaPasi

Hiyo sasa ndiyo ilitaka kitanda.

Waya_Mwekundu

Naomba turudi kwenye mada. Huyu mtu kesho atanipigia aniulize kwa nini mtandao haujawaka. Nisaini fomu ya kupokea chumba au nisisaini?

Mita_Tisini

Usisaini. Andika kila kasoro, piga picha, mteja asaini yeye kwamba ameziona. Bomba lihamishwe au raki ihamishwe, hapo hakuna mazungumzo.

Betri_Imevimba

Akisaini tu, tone likidondoka ni la kwake.

MlangoMfupi

Tuliing'oa dari, kwa mliouliza.

Sinki_na_Bomba

Hakuna aliyeuliza. Picha za sinki bado nasubiri.

DakitiMoja

Tukiwa hapa hapa, ni nani huwa anaiba keji nati, zile nati za kufungia vifaa kwenye raki? Raki inakuja na mfuko mzima, ukifika siku ya kufunga zimebaki za kuhesabu kwa mkono mmoja, na skurubu ni za saizi nyingine.

Zulia_Jekundu

Asante kwa kulisema hili. Nati M6, skurubu M5. Kila mara.

fundi_kimya

Afadhali hizo zote ni za milimita. Mimi nilikuta raki yenye matundu yaliyokwisha kukatwa nyuzi za 12-24, kipimo cha inchi, nimebeba M6 tupu. Kijana wangu akaikaza kwa nguvu hadi ikakubali. Sasa haitoki.

Bibi_Faiba

Kijana wako hakuna nati aliyoikaza hapo, mwanangu. Amechomelea. Na hizo keji nati nani anatumia kifaa chake cha kuvalishia, na nani anatumia bisibisi hadi ukucha unatoka? Semeni ukweli.

DakitiMoja

Bisibisi. Ukucha wa kidole gumba umeshang'oka.

MlangoMfupi

Kifaa chake huwa kimo kwenye mfuko? Mimi nilidhani ni kifungulio cha chupa, nikakitupa.

Zulia_Jekundu

Naanzisha uzi wake wa keji nati, hapa tunamsumbua mwenye uzi.