Mrejesho: Je, misamaha ya kodi huvuta viwanda kweli?

Niliuliza kama ruzuku na misamaha ya kodi ndivyo vinavyomfanya mwekezaji achague mahali pa kujenga kiwanda. Nawashukuru mlionijibu, hasa aliyenishauri nisome masharti ya mikataba badala ya hotuba za uzinduzi.

Mfano ulionifundisha zaidi ni wa Foxconn, kampuni ya Taiwan inayotengeneza vifaa vya elektroniki, katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Mwaka 2017 jimbo liliahidi nafuu ya takriban dola bilioni 3, nayo kampuni ikaahidi kuwekeza dola bilioni 10 na kuajiri hadi watu 13,000. Mwaka 2021 mkataba uliandikwa upya: ajira 1,454, uwekezaji wa dola milioni 672, na nafuu isiyozidi dola milioni 80. Kwa kuwa fedha nyingi za jimbo zilifungamanishwa na ajira na uwekezaji uliothibitishwa, hazikutoka. Lakini serikali za mitaa zilikuwa zimekwisha kukopa ili kununua ardhi na kujenga barabara na mifumo ya maji, na deni hilo halikupungua kwa sababu tu kiwanda kilipungua. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, hatari kubwa ilipo.

Kuhusu swali lenyewe, mchumi Timothy Bartik alikadiria mwaka 2018 kwamba motisha, yaani ruzuku na misamaha kama hiyo, hugeuza uamuzi katika asilimia 2 hadi 25 tu ya miradi inayozipata. Mingine ingekuja hata bila motisha, na kodi iliyosamehewa huko ingeweza kulipia mafunzo ya ufundi au umeme wa uhakika, ambavyo humfaa hata mwenye kiwanda aliyekuwapo tangu zamani.