Oksijeni ya gesi ya N2O (oksidi ya nitrasi) inapotelea wapi?

Swali: Wakuu, nimechoma Fe-ZSM-5 (zeolaiti, yaani madini ya vitundu vidogo sana, yenye chuma ndani) kwenye ombwe hadi 900°C, nikaishusha 250°C na kupitisha N2O. Nitrojeni inatoka, oksijeni sioni hata chembe. Bomba linavuja?

Jibu: Halivuji, mkuu. Ule moto ulikuachia Fe(II), yaani chuma chenye chaji +2, iliyobanwa na oksijeni nne za zeolaiti kwenye bapa moja, upande mmoja wazi. N2O hunasa hapo, kifungo cha N–O kinakatika, N2 inaondoka, inabaki Fe(IV)=O, yaani oksijeni imebaki imeshikwa na chuma, ambacho sasa kina chaji +4. Wanakemia Panov na wenzake wa Novosibirsk, Urusi, waliiita oksijeni hiyo oksijeni alfa. Mimi nilibadilisha bomba wiki nzima, bure.

Muulizaji: Du! Naihakikishaje?

Jibu: Ipoze, pitisha methani kwenye joto la chumbani, kisha osha kwa maji utafute methanoli: oksijeni alfa ndiyo inayoigeuza methani kuwa methanoli. Ukivuka 300°C oksijeni zinaungana, zinatoroka kama O2.